Fundo la Saba

Kamba niliisuka mwenyewe, ya katani,
mwaka ule Nyemo alipoota meno.
Kila penye shubiri nikapiga fundo,
nikapanda nayo Kiboriani kupima njia.

Hakuna aliyenituma.
Pale ofisi ya misitu, Mpwapwa, walicheka:
"Madeje, njia si shamba. Unampimia nani?"
Nikapiga goti juu kabisa, kwenye mgongo wa mlima,
pale ambapo upepo wa Julai humvua mtu kofia,
nikalaza kamba.
Fundo mbili.
Upana wa mtu mmoja na mawazo yake.

Kando, juu ya jiwe, kuvumwani ya rangi ya kutu,
duara lisilozidi sarafu.
Ilianza kutambaa kabla reli haijafika Gulwe
na hata leo haijafika ukingo wa jiwe.
Chini yake kimmea kifupi ambacho sikijui jina;
mama alikitaja kwa Kigogo, nami nilikuwa natazama ndege.
Kiangazi hukauka kikawa nyuzi nyeusi,
ungeapa moto umepita.
Mvua ya kwanza, kabla haijalowesha hata shati,
kinafumbua macho.
Kufa kimezoea. Jua hakiliogopi.
Kinaogopa kisigino.

Kila mwezi ukiandama nilipanda.
Fundo tatu. Tatu na nusu. Nne.
Nikakaa juu ya jiwe kumvizia mharibifu.

Wakaja wanachuo wa ualimu na redio yao;
penye tope wakapita kando, viatu vilikuwa vipya.
Wakaja wafungaji wa siku arobaini,
Mama Sechelela mbele, Biblia ndani ya mfuko wa nailoni,
wakapita kando ya kando ya wanachuo.
Akaja Mbijima na baiskeli ya mkaa,
ameikumbatia kama mgonjwa anayepelekwa zahanati,
breki zake ni nyayo.
Aliniona. "Hatua moja tu, ndugu yangu."
Na kweli ilikuwa moja.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa.
Hatukuambiwa kuwa kibaba
hutobolewa vivyo hivyo.

Maji nayo ni mpita njia.
Masika ya mwaka juzi yaliikuta njia imelala wazi,
yakateremka nayo mpaka Gulwe,
yakaimwaga juu ya reli.
Treni ikasimama siku mbili.
Abiria walinunua karanga madirishani, wakiulaani mto.
Mimi nilisimama pale nimeshika baiskeli,
nikautazama udongo ule mwekundu unaokaribia weusi,
nikautambua, kama mtu anavyotambua shati lake
kwenye mnada.

Mwezi huu Nyemo alinisindikiza. Yuko kidato cha pili,
anahesabu kwa sauti, haniachii nafasi ya kukosea.
Akashika ncha moja, nami nyingine.
"Saba, baba."
Nikaandika saba.
"Na hapa?"
Wapi?
"Hapa ulipo."

Nikainuka.
Vishimo viwili, laini kama bakuli,
vimeng'aa kwa kusuguliwa.
Ukuti mmoja wa kijani haumo.
Miaka kumi na tatu ya magoti yangu,
mahali pale pale, ili vipimo vilingane.

Alilaza kamba juu yake, polepole,
kama anayemfunika mtoto.
Sikumuuliza idadi. Naye, kwa mara ya kwanza,
hakuhesabu kwa sauti.

Kushuka tulivua viatu,
tukaingia katikati ya njia, ndani ya tope lenyewe.
Lilikuwa baridi. Nyemo alicheka, akaacha.
Kuvumwani ikapita kushotoni bila kuguswa.
Tope likanifika kwenye kifundo.
Hicho sikukiandika.